Nimepona, Bado Sijapoa

Jumapili ile kigangoni Mofu, padre aliposema tutakiane amani, mdogo wangu wa kike aliingiza mikono yake ndani ya kitenge. Alikuwa amekaa benchi la mwisho, karibu na mlango, peke yake, ingawa mbele kulikuwa na nafasi. Mama mmoja alimfuata, mkono ameunyoosha. Mdogo wangu akainamisha kichwa, akatabasamu, mikono ikabaki ndani. Yule mama akageuka kutafuta mkono mwingine.

Niliona, lakini sikuhisi kitu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tangu tumzike mke wangu, mwaka uliotangulia, nilikuwa na ganzi. Haikuwa huzuni, huzuni naijua. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu katika Misa ya mkesha: unajua ni wako, unauona, ukiukanyagia haukujibu. Nilisali sala zangu zote, asubuhi na jioni, na rozari kila siku. Nilimshukuru Mungu kwa maneno yale yale niliyofundishwa utotoni. Maneno yalitoka vizuri, yamenyooka, na mimi nilikuwa pembeni nikiyasikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Mdogo wangu alikuwa ametoka kuugua. Hospitali ya Ifakara walimkuta na saratani ya shingo ya kizazi, mapema kidogo kuliko wengi, wakamwandikia aende Dar es Salaam kwa matibabu ya mionzi. Kwetu watu hawasemi mionzi. Wanasema kuchomwa. "Anakwenda kuchomwa," waliambiana kijiji kizima, na wengine wakaja kumuaga kama watu wanaokuja msibani kabla ya wakati. Nilikwenda naye. Nilikaa wiki kadhaa kwenye mabenchi ya ukumbi ule wa chini, nikimsubiri kila anapoingia chumba cha mashine. Siku ya kwanza mlango ulifunguliwa akatoka mwanamume wa makamo mwenye koti jeupe, akanitazama, akasimama wima kama mwanajeshi.

"Shikamoo Profesa!"

Alikuwa mwanafunzi wangu. Ndiye aliyekuwa akipanga mashine ile ipige wapi na kwa kiasi gani. Miaka yote niliyofundisha nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba siku moja elimu hii itamgusa mtu wenu wa nyumbani, na siku hiyo ilikuwa imefika, mtu wa nyumbani ni wangu na mwanafunzi ni wangu. Nilipaswa kulia au kucheka. Nilimwitikia marahaba, nikamuuliza habari za watoto.

Matibabu yakaisha. Madaktari waliridhika. Mdogo wangu akarudi Mofu, mimi nikarudi kwangu Mlabani, pale Ifakara mjini, nikaendelea na sala zangu.

Nieleze kidogo nilikotoka, maana jambo lenyewe haliwezi kueleweka bila hilo. Mimi nimefundisha fizikia ya nyuklia chuo kikuu mpaka nikastaafu. Watu wa Ifakara wakisikia hivyo huuliza kuhusu bomu. Fundi cherehani anayenipunguzia suruali hapa Mlabani huniita Mzee wa Mabomu, na ananiita hivyo mbele ya wateja wake wote ili waongeze heshima kwenye kibanda chake. Nimeshamweleza kwamba sijawahi kuona bomu. Anajibu, "Ndiyo siri yenyewe hiyo, mzee. Hata wewe ungeliona, usingesema."

Nilisoma seminari. Wazazi wangu walitaka padre. Fizikia tulifundishwa na padre mzee kutoka Ulaya, mwenye kanzu iliyojaa chaki, aliyetuambia kwamba anayepima kwa uaminifu anasali. Upadre haukuwa wito wangu, na alikuwa wa kwanza kuniambia hivyo, kwa upole. Nikaenda chuo, kisha nikapata nafasi ya kusoma katika nchi ya baridi. Siku ya kwanza kupelekwa kwenye kinu cha nyuklia nilitegemea kelele na moshi. Nilikuta bwawa la maji safi kabisa, na chini yake mwanga wa buluu, umetulia, haupepei. Nilipiga ishara ya msalaba. Msimamizi wangu akauliza kama naogopa.

"Hapana," nikamwambia. "Nimesalimia."

Nilirudi nyumbani kufundisha. Hapakuwa na kinu wala bwawa. Tulikuwa na chumba kimoja chenye vifaa vya kupimia, umeme unaokatika, na ari. Basi tukapima. Tulipima udongo, matofali, maji ya visima, samaki, mchele, chai, tumbaku. Nilisafiri na treni nikiwa na udongo wa Mofu kwenye mfuko wa sukari, na askari wa stesheni akaufungua, akaunusa, akaniuliza dawa hii inatibu nini. Mwisho wa kila kipimo tuliandika kwamba kiasi cha mionzi ni kile cha kawaida, kile ambacho Mungu aliweka ardhini tangu mwanzo. Kazi yangu kubwa hapa duniani imekuwa kupima vitu visivyo na tatizo na kuandika kwamba havina tatizo. Sijutii. Mtu akilala usingizi kwa sababu mwingine alipima, hiyo nayo ni kazi.

Na nilifundisha. Ukumbi ulijaa, wengine walikaa madirishani. Kuna jambo moja wanafunzi huliona gumu, nalo ni nusu uhai: kwamba kitu chenye mionzi hakipungui kama maji ya ndoo inayovuja, bali kila muda wake ukifika hubaki nusu, kisha nusu ya nusu, bila mtu kujua ni chembe ipi itaondoka. Nilikuwa nikileta punje za mahindi zilizopakwa wino upande mmoja. Wanazirusha juu ya meza, zilizoangukia upande mweusi zinatolewa, zilizobaki zinarushwa tena. Mwaka mmoja binti alinyoosha mkono akasema, "Profesa, atomu zangu zimeliwa na mwenzangu." Mwenzake alikuwa bado anatafuna. Ukumbi ukacheka, nami nikawaambia hiyo ndiyo sababu nchi yetu haina kinu.

Nilipostaafu, wanafunzi wa mwisho walinitengenezea kifaa kidogo cha kupimia mionzi, ndani ya boksi la plastiki, chenye betri na spika ya redio ya zamani. Kila mwonzi unapopita ndani yake kinasema tik. Wakakiita panzi, kwa mlio wake. Nilikiweka kabatini Mlabani, chini ya mashuka.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naye alikuwa mkalimani wangu. Nikimaliza kueleza jambo kwa ndugu zangu, yeye alilisema tena kwa maneno machache, nao wakasema, "Aaa, kumbe." Aliniambia mara nyingi kwamba mimi hujibu swali, simjibu mtu. Nilikubali, nikaendelea hivyo hivyo, kwa kuwa alikuwepo.

Sasa basi. Miezi michache baada ya kutoka Dar, mdogo wangu alinipigia simu. Tulisalimiana, tukaulizana mvua. Kisha akasema, "Kaka, hivi moto wa mionzi unaisha lini?"

Nikamjibu kama nilivyojibu darasani. Nilimwambia inategemea ni mionzi ya kitu gani. Mingine huisha kwa siku chache, mingine huchukua maelfu ya miaka. Na kusema kweli, nikamwambia, haiishi kabisa. Hubaki nusu, halafu nusu ya nusu, inaendelea hivyo.

"Asante, kaka," akasema.

Niliweka simu chini nikafikiri kwamba ameuliza swali zuri. Mke wangu angeuliza, "Kwa nini unauliza, wifi?" Mimi sikuuliza.

Wakati huo mke wa kijana wake alikuwa amekaribia kujifungua. Kijana mwenyewe anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa, huja nyumbani mara chache. Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Katika ukoo wetu mtoto mchanga hukaa ndani na mama yake mpaka kitovu kidondoke. Kikishadondoka, bibi mzaa baba humbeba, humtoa nje, humwonyesha jua, na kunyunyiza punje za mchele kizingitini. Ni bibi huyo, si mwingine. Mpaka afanye hivyo mtoto hatoki, na mama yake hatoki; haendi shamba, haendi kisimani, haendi kanisani. Padre anaijua desturi hii na huibariki, maana baada ya hapo ndipo mtoto huletwa kubatizwa.

Kitovu kilikuwa kimedondoka siku nyingi. Bibi hakuwa amemtoa mtoto. Hakuwa amemgusa hata mara moja. Kijana akanipigia simu kutoka kwenye miwa: "Mjomba, mama amekataa mtoto wangu. Mke wangu analia. Nenda ukamwone." Ndiyo maana Jumapili ile nilikuwa Mofu, nikaiona mikono ndani ya kitenge.

Baada ya Misa tulikwenda nyumbani. Aliniwekea kiti uani, yeye akakaa mbali, kwenye kigogo kando ya banda la kuku. Nikaona ana sahani yake, kikombe chake na kigoda chake, vyote vimewekwa upande ule. Chakula kililetwa na binti wa jirani.

"Daktari amesema umepona," nikaanza.

"Nimepona, kaka. Namshukuru Mungu, nimepona." Akavuta kitenge. "Bado sijapoa."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani amekosea neno.

"Nimechomwa, si nimechomwa?" akasema. "Chungu ukikiepua mekoni, moto umebaki kule, lakini chungu ukikishika kinakuunguza. Mimi nimeepuliwa tu. Nasubiri nipoe."

"Ile mashine ni kama taa. Ikizimwa, mwanga hakuna tena. Haubaki mwilini."

"Taa ya chemli ukiizima, shika kioo chake uone."

"Haikuwa moto wa hivyo."

"Na kile walichoniingiza ndani? Nilikiona, kaka. Waliingiza, wakakaa, wakatoa. Mwiko ukitoka kwenye uji, uji haubaki kwenye mwiko?"

"Hakikuacha kitu. Chembe yenye mionzi imefungwa ndani ya chuma."

"Chuma ndicho kinachoshika moto kuliko vyote."

Nikaona kila mfano unaomfikia unageuka kuwa wa jikoni, na jikoni hakuna kinachopoa papo hapo. Nikamuuliza nani alimwambia asiguse mtoto. Akaeleza kwa utulivu, kama mtu anayetaja njia ya kwenda sokoni. Kule Dar, kwenye benchi, alikaa na mama mwenye uvimbe wa shingo, ule wa tezi. Mama yule alipewa dawa ya mionzi akainywa, na nesi akamwambia mbele yake asibebe watoto wachanga wala asikae karibu na wajawazito kwa siku kadhaa.

"Yule alikunywa," nikasema. "Dawa ilikuwa ndani yake. Wewe hukunywa kitu."

"Yeye alikunywa tu, akaambiwa hivyo. Mimi nilichomwa. Nani mwenye moto zaidi?" Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza. "Na wewe mwenyewe nilikuuliza. Ukasema hauishi kabisa. Unabaki nusu, na nusu ya nusu. Nikasema sawa. Nitakufa hivi hivi, bila kumbeba. Mtoto awe mzima."

Alisema bila machozi. Tulikuwa wawili wakavu pale uani.

Kutoka dirishani ikaja sauti ya mkamwana wake. "Mjomba, mwambie mama. Magugu shambani yameshafika kimo changu! Mpunga siuoni tena."

"Nyamaza wewe huko ndani," mdogo wangu akajibu. "Mzazi hapigi kelele dirishani kama muuza samaki."

"Na mama si ndiye aliyenifundisha kuuza samaki?"

Nilitaka kucheka, nikasubiri kicheko, hakikuja. Nikasema nitarudi na kitu cha kupimia. Mdogo wangu akauliza, kinapima nini? Nikamwambia kinapima moto huo anaouogopa. Kama upo, kitasema. Kama haupo, kitanyamaza. Hayo ndiyo maneno niliyotumia.

Nilirudi Mlabani, nikatoa panzi chini ya mashuka, nikanunua betri mpya. Katikati ya wiki nikapanda gari tena, na kutoka barabarani nikachukua bodaboda, boksi nimelikumbatia kifuani. Njia ilikuwa tope. Nilisali njiani kwamba kazi hii ifanikiwe. Sala ilikuwa kavu, lakini niliimaliza.

Aliketi kwenye kigogo chake. Jirani yake, mfugaji Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, alikuwa ameegemea uzio akitazama. Ndani, mkamwana alikuwa ameegemea ubao wa dirisha, mtoto mikononi. Nikamwendea mdogo wangu, nikawasha panzi, nikakielekeza kwenye mkono wake.

Tik. Tik tik. Tik.

"Kinalia!" Aliruka kutoka kwenye kigogo. "Kaka, kinalia!"

Dirisha likafungwa kwa kishindo. Mtoto akaanza kulia.

"Profesa!" jirani akapaza sauti. "Bomu limepatikana?"

Nilisimama pale na kifaa changu. Nilihitaji muda kuelewa nilichofanya. Kifaa cha namna ile hakinyamazi kamwe, popote duniani, kwa sababu hakuna mahali pasipo na mionzi kidogo: inatoka ardhini, inatoka juu mbinguni, imo katika mifupa yetu. Nimeusikia mlio ule kwenye maabara siku zote za kazi yangu, mpaka masikio yangu yameacha kuuhesabu kuwa mlio. Kwangu mimi ule ndio ukimya. Nilipomwambia kitanyamaza, nilisema kweli niliyoijua mimi, na hakuna mwingine uani pale aliyeijua.

Sikuwa na mkalimani. Nikaacha kueleza. Niligeuka, nikampa mgongo, nikaenda na panzi mpaka kwenye kinu cha kutwangia, nikakiweka juu yake. Tik. Tik. Tik tik. Nikaenda kwenye banda la kuku. Kikalia. Nikakiweka juu ya gunia la mpunga, kikalia. Nikaelekea kwenye uzio.

"Mzee, usinisogelee na hicho kitu," jirani akasema, akarudi nyuma.

"Simama tu."

"Nina wake na ng'ombe, mzee, nina watu wananitegemea."

Nikakipitisha juu ya uzio mpaka kifuani pake. Tik tik. Tik.

"Ooh!" Akashika kichwa. "Hata Msukuma analia!"

Nyuma yangu nikasikia mdogo wangu akicheka. Alikuwa hajacheka tangu kabla ya Dar, nadhani. Alicheka kwa sauti ya chini, mkono mdomoni, kisha akakoma ghafla, akasogea hatua chache.

"Na wewe mwenyewe?" akauliza.

Nikakigusisha paji la uso wangu, kikalia. Akanyoosha mkono. "Nipe."

Nilimpa. Alikishika kama anavyoshika ungo wa mchele, kwa mikono miwili, kichwa amekiinamisha upande akisikiliza. Akaanza kupima. Alipima mti wa mpapai, ndoo ya maji, kitabu cha sala, viatu vyangu vyenye tope. Akaenda mpaka nyuma ya nyumba walikolala baba na mama, akakaa huko kidogo, akarudi.

"Hata kaburini," akasema.

"Hata kaburini."

"Na baba hakuwahi kwenda Dar."

"Hakuwahi."

Kisha akakielekeza kwenye tumbo lake mwenyewe, pale walipomchoma, akasimama. Tik. Tik. Halafu ikaja mitatu ya haraka, tik-tik-tik, na macho yake yakanipata. Nilijua ni bahati tu. Mionzi haina zamu, huja yenyewe, mara mingi pamoja, mara kimya kirefu. Nimewaambia hivyo wanafunzi wengi wasioamini. Nikamwambia neno moja.

"Subiri."

Akasubiri. Hilo tulifundishwa wote, mimi na yeye, katika nyumba ile ile, na mama yule yule aliyetukalisha dunguni kulinda mpunga dhidi ya ndege, siku nzima, bila kushuka. Kimya kirefu kikaja, kisha tik, kisha tik nyingine, taratibu, kama kwenye kinu, kama kwenye gunia.

Akaenda mpaka mlangoni. Hakuvuka kizingiti.

"Mlete mtoto hapa," akamwambia mkamwana. "Usimtoe. Simama naye hapo hapo ndani."

"Mama, kisije kikamdhuru."

"Hakitoi kitu," nikasema. "Kinasikiliza tu."

Mlango ukafunguka. Msichana yule alisimama ndani, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, mtoto amefungwa khanga mpaka shingoni. Mdogo wangu akanyoosha panzi juu ya kizingiti mpaka karibu na kifua cha mtoto. Akasikiliza. Akakirudisha kwake, akasikiliza. Akakipeleka tena kwa mtoto. Sijui alikwenda na kurudi mara ngapi. Sikumharakisha. Nimesimamia mitihani maisha yangu yote, najua kusimama bila kusema.

"Tumelingana," akasema mwisho.

Akamwonyesha mtoto kwa kidevu.

"Huyu hajachomwa na mtu. Ametoka kwa Mungu juzi tu. Na mimi na yeye tumelingana." Akanigeukia. "Kwa hiyo nimepoa."

"Umepoa."

"Kwa nini hukusema hivi kwenye simu?"

"Hukuniambia unauliza habari zako."

"Wifi angejua," akasema, bila kulaumu. Ilikuwa kweli, na nikaikubali kama nilivyokubali mambo yote mwaka ule.

Akanipa panzi, akaenda kunawa mikono kwa sabuni, akaibadilisha khanga yake. Mkamwana alikuwa amekwisha kuleta mchele kwenye kisahani, kwa haraka kiasi kwamba nilijua kisahani kilikuwa tayari siku zote hizo nyuma ya mlango. Mdogo wangu akavuka kizingiti, akafungua mikono. Akampokea mtoto, akasimama ameinama juu yake muda mrefu kuliko desturi inavyotaka, kisha akatoka naye nje juani. Mtoto akakunja uso, akapiga chafya. Punje zikaanguka kizingitini na kuku wakaja mbio. Nilisema sala ya baraka, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa ukoo pale. Jirani akavua kofia uzioni.

"Shika mjukuu wako," mdogo wangu akaniambia.

Nikamshika. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na joto lake lilipenya mpaka kwenye shati.

"Umeona? Huyu ndiye wa moto," mdogo wangu akasema, akacheka tena.

Ningependa kuandika kwamba hapo ganzi iliniachia. Haikuniachia. Nilisimama na mtoto, nikajua kwamba ni jambo jema, nikashukuru. Mtu hushukuru kwanza, kuhisi kutakuja kwa wakati wake, au hakutakuja. Shukrani haitegemei mwenye kushukuru anahisi nini. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa seminari, na nimekaa nalo fundisho hilo muda mrefu kuliko fizikia.

"Mjomba," mkamwana akasema, "zima basi hicho kidude, mtoto anataka kulala."

Nilimtazama. "Kidude gani?"

"Hicho mfukoni. Kinalia muda wote huu."

Nilikuwa nimekitia mfukoni bila kukizima, na sikuwa nikikisikia. Nikamrudishia bibi mtoto, nikatoa panzi, nikabonyeza swichi. Kimya kilichofuata nilikisikia. Kilikuwa na kuku ndani yake, na ng'ombe wa jirani kwa mbali, na mtu anayepuliza moto jikoni kwa jirani wa pili.

Mkamwana alikuwa ameshajifunga khanga ya shamba kiunoni. Alichukua jembe nyuma ya mlango.

"Mama, nafika mara moja shambani. Kuangalia tu."

"Kuangalia na jembe?"

"Nikikuta gugu moja, niliache?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kiti changu, katikati ya ua, miguu ameinyoosha, mtoto juu ya mapaja yake. Kigogo cha kando ya banda kilikuwa na kuku juu yake.

"Nenda," akasema. "Ninaye."